Kanuni ya Mtu-Gari Wilayani Corrabin

Ninayo heshima kuutangazia umma kwamba kuanzia tarehe mosi Novemba, wilaya ya Corrabin, katika ukanda wa ngano wa Australia Magharibi, ndiyo yenye mtandao wa simu wenye kasi kuliko wilaya zote nchini. Tangazo hili lingewafikia wakazi wa wilaya yenyewe siku hiyohiyo, ila lilitumwa kwa simu.

Mimi ni Mkurugenzi Msaidizi (Wastani) katika Idara ya Mawasiliano ya Mbali. Kazi yangu ni kukokotoa wastani. Sina maoni, nina takwimu, na takwimu za Corrabin ni nzuri kiasi kwamba nimeagizwa niandike ripoti hii ili wilaya nyingine ziige. Nitaeleza mambo kama yalivyotokea, kwa saa na dakika, bila kumpendelea mtu wala gari.

Kwanza masafa. Mnara wa Corrabin una bendi mbili. Ya chini ni ya megahezi 850. Mawimbi yake ni marefu, na kwenye nchi tambarare kama ile hufika kilomita thelathini na zaidi, hupenya ukuta wa mbao na kumkuta mtu jikoni kwake. Lakini hubeba mzigo mdogo. Bendi ya juu ni ya megahezi 3500. Hiyo hubeba mzigo mkubwa ajabu, ila huchoka mapema, na mti mmoja wenye majani huisumbua. Fundi wetu wa mnara, Bronte Kovacic, alimweleza Waziri jambo hilo kwa namna ambayo si ya kitaalamu, lakini nainukuu kwa sababu haina kosa.

"Mheshimiwa, jirani yako akiangusha muziki kwenye banda la kunyolea kondoo, wewe ukiwa nyumbani unasikia nini?"

"Kelele," alisema Waziri.

"Kelele gani? Besi tu. Dum, dum, dum. Maneno ya wimbo huyasikii, filimbi huisikii. Bendi ya chini ndiyo hiyo besi, inakufuata mpaka chumbani. Bendi ya juu ni filimbi. Tamu sana, lakini lazima uwe bandani."

"Na wapiga kura wanataka nini, besi au filimbi?"

"Wanataka vyote viwili, Mheshimiwa. Ndiyo maana mnara una vyote viwili."

Waziri, Mheshimiwa Garth Penhallow, alisema jibu hilo haliwezi kuenea kwenye bango.

Bango lenyewe lilikuwa limeshachapishwa. Liliahidi kasi ya megabiti mia sita kwa sekunde. Wastani wa Corrabin wakati huo ulikuwa sabini na nne. Watu waliokaa karibu na mnara walipata zaidi ya mia sita. Waliokaa mbali, kwenye bendi ya chini, walipata tisa, na hao walikuwa wengi, na kila mmoja wao aliuvuta wastani chini kwa uzito wake wote. Waziri aliniuliza afanye nini. Nilimwandikia jambo ambalo kila mwanafunzi wa hesabu analijua: asiye na mtandao hana kasi ndogo. Hana kasi kabisa, na kitu kisichokuwepo hakiingii kwenye wastani.

Waziri aliisoma sentensi hiyo mara mbili, akanishika bega. Kesho yake alitia sahihi Amri Namba 17 ya kuizima bendi ya chini. Wastani ukapanda kutoka sabini na nne hadi mia sita thelathini na nane kwa dakika moja. Haijawahi kutokea katika historia ya idara yetu.

Wiki moja baadaye nilitumwa Corrabin kupokea shukrani za wananchi. Mkutano ulifanyika katika ukumbi wa wilaya, pembeni ya meza yenye pai za nyama na chai. Kabla sijamaliza salamu alisimama mwanamke mmoja mwenye kofia ya jua iliyofifia. Huyo ni Noreen Tuckwell, mwenye umri wa miaka sitini na mmoja, mkulima wa ngano kilomita kumi na nne mashariki mwa mnara, na nahodha wa kikosi cha zimamoto cha kujitolea.

"Bwana Wastani," alisema. Jina langu ni Leopold Ashby. Halikutumika tena wilayani humo. "Mimi sina ugomvi na kasi yenu. Sikuomba sinema. Naomba meseji moja tu. Moto ukianza kwa Ossie Hargreave, nami niko jikoni nakaanga mayai, nani ataniambia?"

"Moto huripotiwa kwa namba ya dharura, mama."

"Sawa, umeripotiwa. Mimi ndiye nahodha. Nitaitwaje? Kwa moshi?"

Watu walicheka. Niliandika kwenye kumbukumbu: washiriki walionyesha furaha.

Nilimkumbusha kwamba wakulima wote wana redio za upepo, zile za kuzungumza na kujibiwa, kwenye magari yao. Redio hizo hutumia masafa ya chini kuliko hata bendi yetu ya chini. Haziko chini ya idara yetu. Zinafanya kazi.

"Redio iko kwenye pikapu," alisema Noreen. "Mimi siishi kwenye pikapu. Mwezi uliopita nilikuwa na vijiti viwili vya mtandao jikoni na vitatu nikipanda kwenye tangi la maji. Leo sina hata kimoja. Mwaka juzi tuliuzima moto wa barabara ya kaskazini kwa sababu meseji iliingia kwa watu arobaini kwa mpigo mmoja. Watu arobaini, dakika ishirini, kwisha. Sasa ngano imekauka, mashine zinaingia shambani. Rudisheni bendi yetu kabla moto haujatutangulia. Hilo tu, halafu ule pai yako kwa amani."

Nilimweleza kwamba, kwa mujibu wa ramani, ana mtandao. Niliikunjua mezani. Wilaya ilikuwa ya kijani kwa asilimia tisini na tisa nukta nne, shamba lake likiwemo.

"Kijani!" alisema Ossie Hargreave, jirani yake, mwanamume mrefu mwenye masikio yaliyobabuliwa na jua. "Tangu Septemba sijaona kitu cha kijani huku. Hebu nione." Alivaa miwani, akainama mpaka pua ikagusa karatasi. "Kuna maandishi hapa chini, madogo kama mayai ya chawa. 'Kwa gari lenye antena ya nje yenye urefu wa mita tatu.'"



"Kwa hiyo gari langu lina mtandao," alisema Noreen, "ila mimi sina."

"Kwa usahihi zaidi, ndiyo."

"Basi lipigie gari."

Nakiri kwamba ramani ile ilipimwa wakati bendi ya chini ilipokuwa ikifanya kazi. Haikupimwa upya baada ya Amri Namba 17, kwa sababu ilikuwa imeshatoka na ilikuwa nzuri.

Mkutano ulipovunjika nilimsikia Noreen akizungumza na Bronte mlangoni.

"Bronte, mwanangu, hiyo swichi iko wapi?"

"Iko kwenye kompyuta yangu, mama. Nabofya mara mbili tu."

"Basi bofya."

"Nikibofya bila amri ya Waziri, ama sahihi yake ama sauti yake mwenyewe, wiki ijayo utanikuta hapa nauza pai."

"Pai za hapa si mbaya."

"Nimezila, mama. Ndiyo maana nakataa."

Malalamiko ya Corrabin yalifikishwa mbele ya kamati ya watu tisa. Kamati ilibaini kwamba tatizo halikuwa la mtandao, kwani mtandao ulikuwepo kwa magari. Tatizo lilikuwa la watu kutokuwa magari. Hilo, tofauti na fizikia, lilikuwa ndani ya mamlaka yetu. Ndani ya wiki mbili tulitunga Kanuni ya Mtu-Gari: mkazi yeyote anaweza kusajiliwa kuwa gari, akapewa kibao cha namba cha kuvaa kifuani na antena ya mita tatu ya kubeba mgongoni. Rasimu yangu ilisema mtu huyo atahesabiwa gari "kwa madhumuni ya ramani." Waziri alikata maneno hayo kwa kalamu yake, akaandika "kwa madhumuni yote." Alisema sheria isiwe na uoga.

Siku ya usajili foleni ilifika nje ya ukumbi. Watu wa Corrabin hawakosi tamasha. Fomu ilikuwa ileile ya magari, kwa kuwa hatukuwa na muda wa kuchapa nyingine. Penye rangi, Ossie Hargreave aliandika "nyekundu, hasa shingoni." Penye idadi ya abiria, mjamzito mmoja aliomba ushauri wa kisheria. Penye aina ya mafuta, Noreen aliandika "chai." Kipengele cha breki kiliwaletea wake na waume mabishano marefu. Hadi saa kumi jioni tulikuwa tumesajili magari mia mbili na kumi na mawili, na malalamiko yalishuka hadi sifuri, kwani kanuni hairuhusu gari kulalamika.

Iwapo antena zile zilisaidia, sikuulizwa. Nilipima kwa udadisi wangu. Kilomita kumi na nne kutoka mnarani, bendi ya juu ilikuwa kimya kabisa, uwe na antena au usiwe nayo. Watu walizitumia kuanikia soksi.

Waziri alikuja mwenyewe tarehe sita Desemba kusherehekea mafanikio. Asubuhi alihutubia ukumbini kwa dakika hamsini, kisha akasajiliwa kuwa gari la heshima mbele ya kamera. Alipewa kibao namba 001 na antena iliyopakwa rangi ya dhahabu. Halafu ikaja ratiba ya picha. Noreen ndiye aliyetoa shamba lake.

"Mheshimiwa apigwe picha kwenye ngano," aliniambia. "Huku mbali. Ndiko kuna kijani chenu."

Niliendesha gari la serikali mimi mwenyewe. Tuliingia kwenye geti la Noreen, tukapita kwenye mabua ya ngano iliyokwisha kuvunwa, tukasimama mita mia nne kutoka barabarani, kando ya ngano iliyobaki. Wakulima kama thelathini walikuwa wametangulia, wengi kwa miguu, antena zao zikiyumba kama mashamba ya miwa. Pikapu zao walikuwa wameziacha barabarani, nje ya geti. Joto lilikuwa nyuzi arobaini na tatu. Upepo ulikuwa unatoka kaskazini-mashariki, na nzi walikuwa wametoka kila upande.

Saa saba na dakika thelathini Noreen alitoa mfukoni kipimo kidogo cha upepo, akakiinua.

"Arobaini na tatu. Unyevu asilimia nane. Upepo kilomita thelathini na nane." Aliangalia jedwali lililobandikwa kwenye mlango wa pikapu yake, ambayo ndiyo pekee ya wenyeji iliyokuwa shambani, kisha akanipa kipimo. "Soma mwenyewe, Bwana Wastani, usije ukasema nimetunga."

Nilisoma. Kilikuwa sahihi. Alichukua kipaza sauti cha redio ya upepo.

"Corrabin wote, hapa Noreen. Marufuku ya kuvuna na kusogeza magari mashambani, kuanzia sasa mpaka saa kumi na mbili jioni. Zima injini hapohapo ulipo. Barabarani ruksa, kwenye mabua hapana. Meseji hamtapata, mnajua kwa nini, kwa hiyo mwambie na jirani yako."

Marufuku hiyo ni ya kawaida huko. Bomba la moshi la gari likigusa mabua makavu siku kama ile, wilaya nzima huungua kabla ya chai ya jioni, na faini yake ni kubwa kuliko gari lenyewe. Nilizima injini, nikautoa ufunguo. Waziri alisema hana haraka, mandhari ni nzuri.

Saa saba na dakika thelathini na nane redio ya Noreen ilikoroma. Alikuwa dereva wa lori la ngano, mahali fulani barabarani.

"Jamani, mmesikia taarifa ya habari? Canberra wameanza tena. Chama kinapiga kura ya kumng'oa bosi wao. Saa nane hii, yetu sisi."

"Tena?" alijibu mwingine. "Mimi hata jina la huyu sijalizoea."

"Usijisumbue sasa."

Waziri aligeuka rangi ya mabua. Alinivuta kando na kunieleza hesabu, na kwa kuwa ni hesabu naiandika. Kambi ya Waziri Mkuu, ambaye ndiye kiongozi wa chama, nayo ndiyo yake, ilikuwa na kura arobaini. Kambi ya wapinzani wake ndani ya chama ilikuwa na arobaini. Kura zikilingana, kiongozi anabaki. Mbunge aliye safarini kikazi aliruhusiwa kupiga kura kwa simu, kwa sauti yake mwenyewe, kabla ya saa nane kamili. Bila yeye, kambi yake ilikuwa na thelathini na tisa.

Alitoa simu. Aliinyanyua juu. Aliigeuza. Aliigusisha kwenye antena ya dhahabu.

"Ashby, antena hii ni mbovu."

"Ni nzima kabisa, Mheshimiwa. Hakuna cha kupokea."

"Twende na gari mjini."

"Marufuku, Mheshimiwa."

"Basi natembea mpaka getini. Mita mia nne! Nitapanda pikapu yoyote pale barabarani." Akaanza kutembea kwa hatua ndefu.

"Wee! Simama hapo hapo!" Noreen hakupaza sauti sana, lakini ni sauti iliyozoea kushindana na moto. "Namba?"

"Namba gani, mama?"

"Hiyo kifuani."

Waziri aliinamisha kichwa, akaisoma kana kwamba anaiona kwa mara ya kwanza. "Sifuri sifuri moja."

"Gari lililosajiliwa. Liko katikati ya mabua. Linasogea. Rudisha mguu, Mheshimiwa."

"Huo ni utani!"

"Mimi ndiye afisa wa moto hapa. Siku ya nyuzi arobaini na tatu sitanii na mtu. Sembuse gari."

"Ashby, mwambie huyu mama."

Nilifungua kanuni. Ninaibeba daima. Nilisoma ibara ya nne kwa sauti: mtu-gari atahesabiwa gari kwa madhumuni yote. Wakulima thelathini, ambao nao walikuwa wamesimama tuli kwenye mabua tangu tangazo la redio, waliitikia kwa vichwa, kwa heshima.

"Lakini mimi sina bomba la moshi!" alisema Waziri.

"Hotuba ya asubuhi nilikuwepo," alisema Ossie Hargreave. "Kuna kitu kinatoka."

"Basi nifutieni usajili. Sasa hivi. Ashby, fomu!"

"Fomu namba sita, Mheshimiwa. Inajazwa mtandaoni tu."

 Aliitazama simu yake. Ilikuwa saa saba na dakika arobaini na saba.

Noreen alikuwa ameketi kwenye ngazi ya pikapu yake, akimimina chai kutoka kwenye chupa. Aliweka vikombe viwili.

"Kunywa, Mheshimiwa, utazimia. Halafu sikiliza, njia ipo. Bendi yetu ya chini. Bronte yuko mnarani muda huu, na redio hii anaisikia. Ikiwashwa, simu yako inashika hapohapo ulipo, huna haja ya kusogeza hata kidole cha mguu. Inangoja sauti yako tu."

Waziri alinigeukia. "Wastani utashuka mpaka wapi?"

"Sabini na nne, Mheshimiwa."

Nilimwona akiteseka kwa dhati. Kisha akakamata kipaza sauti.

"Bronte Kovacic, hapa ni Waziri. Washa bendi ya chini kwa dakika kumi."

Noreen alimwondoa kidole kwenye kitufe, taratibu, kama anavyomwondoa mtoto kwenye jiko.

"Dakika kumi za nini?"

"Za dharura."

"Yako ni ya dakika kumi. Yangu ni ya kila kiangazi. Sema 'ya kudumu.'"

"Mama, huu ni unyang'anyi."

"Huu ni msimu wa kuvuna. Mimi nina nyumba, nina kondoo, nina watu arobaini wanaolala wakijua nitawaita. Sitaki cheo chako. Neno moja tu."

"Sema basi, bwana wee," redio ilidakia. Alikuwa dereva wa lori. "Kuna watu tunataka kuulizia mizani."

"Nani huyo?" Waziri aliuliza.

"Niko kilomita thelathini kusini, bosi, na nakusikia kama umekaa hapa kiti cha abiria. Masafa ya chini hayo. Raha tupu."

Saa saba na dakika hamsini na tatu Waziri alibonyeza kitufe. "Mimi, Garth Penhallow, Waziri wa Mawasiliano ya Mbali, nafuta Amri Namba 17. Bendi ya chini ya Corrabin iwashwe." Alimtupia Noreen jicho. "Kwa kudumu."

 Ikaja sauti ya Bronte: "Naomba urudie jina, Mheshimiwa."

"Unanijua!"

"Utaratibu, Mheshimiwa."

Alirudia jina, pamoja na herufi moja moja.

"Haya, nimebofya. Sasa mtambo umelala wiki tano, unaamka polepole. Jipe dakika kama tisa."

Hesabu hiyo kila mtu aliyekuwa shambani aliipiga mwenyewe. Hata nzi nadhani waliipiga. Waziri aliuliza kama saa ya Corrabin ni ya uhakika. Aliuliza kama dakika tisa zinaweza kuwa wastani. Nilimjibu kwamba ndiyo, zinaweza, na kwamba katika wastani wa namna hiyo mara nyingine huwa ni zaidi ya tisa. Alisimama ameinua simu juu ya kichwa, antena ya dhahabu ikimyumbia mgongoni, na wakulima thelathini wakainua simu zao pia, kwa kumuunga mkono au kwa mzaha, sikuweza kubainisha. Noreen peke yake hakuinua yake. Aliiweka juu ya goti, akaitazama kama mtu anavyotazama yai linalotaka kuanguliwa.

Saa nane kamili hakuna kilichotokea.

Saa nane na dakika mbili simu ya Noreen ilitetemeka. Halafu ya Ossie. Halafu shamba zima likalia kwa wakati mmoja: milio, kengele, nyimbo, jogoo mmoja. Wiki tano za meseji zilishuka juu ya mabua ya Corrabin. Mtu alijua amekuwa babu. Mwingine alikuta salamu za siku ya kuzaliwa kutoka kwa watu saba, akaimba mwenyewe. Ossie alipata onyo la daktari wa meno kwamba amekosa miadi, akalibusu. Noreen alisoma zake, midomo ikicheza, kisha akavua kofia na kujipepea uso kwa muda mrefu kuliko joto lilivyohitaji.

"Vijiti vitatu," alisema. "Na nimekaa chini."

Simu ya Waziri ilipokea meseji moja. Alinipa niisome. *39 kwa 40. Pole. Hakuna haja ya kuharakisha kurudi.*

Kuhusu uhalali: amri ya kufuta ilitolewa saa saba na dakika hamsini na tatu. Kiongozi mpya alimwondoa Mheshimiwa Penhallow uwaziri saa nane na robo. Nimekagua mara tatu. Dakika ishirini na mbili zinatosha. Ofisi ya waziri mpya iliniuliza kama amri ya mdomo kwenye redio ya upepo inaweza kutiliwa shaka. Nilijibu kwamba amri nyingine zote za wizara zina sahihi moja, na hii ilisikiwa na watu wazima wa wilaya tatu.

Saa nane na dakika kumi na tisa simu zote za kikosi zililia tena, mlio mmoja, kwa mpigo. Noreen alikuwa amesimama kabla sijaelewa ni nini.

"Moshi. Uzio wa mashariki kwa Ossie. Twendeni!"

Magari ya zimamoto hayahusiki na marufuku, na dereva wake akiitwa kazini naye huachiliwa, hilo limeandikwa. Antena ziliangushwa kwenye mabua, watu wakakimbilia getini, na gari jekundu la kikosi likaingia shambani kutoka barabarani likiwa na watu wa mashamba ya jirani waliopata meseji hiyohiyo. Mheshimiwa alikimbia nyuma ya Noreen hatua mbili kabla hajakumbuka.

"Mama Tuckwell! Nichukueni na mimi!"

"Tunabeba watu tu," alisema Noreen, mguu mmoja ukiwa tayari juu ya ngazi ya gari jekundu. "Gari linabebwa na lori la kuvuta, na lori la kuvuta nalo limekatazwa mpaka saa kumi na mbili."

Walifika kwa dakika kumi na moja. Moto ulikula hekta nne na choo kimoja cha zamani. Nimezithibitisha takwimu hizo kwa Bronte, aliyezipata kwa simu.

Sisi wawili tulibaki shambani, mimi kwa sababu ya gari la serikali, yeye kwa sababu ya ibara ya nne. Mheshimiwa Penhallow sasa alikuwa na vijiti vinne, kiwango cha juu kabisa kilichowahi kupimwa mahali pale. Alianza kupiga simu Canberra. Alimpigia mwenzake wa kwanza, kisha wa pili, kisha akaenda kwa mpangilio wa alfabeti. Kufikia saa tisa na nusu alikuwa amewapigia wenzake wote thelathini na tisa wa kambi yake, na baadhi yao mara mbili.

"Ashby," alisema mwishowe, "mtandao huu una tatizo."

Nilichukua simu yake nikaipima, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Nilisikiliza mbili tatu mwenyewe. Hakukuwa na mkwaruzo wala mwangwi. Nathibitisha katika ripoti hii kwamba mtandao haukuwa na tatizo lolote: upande wa pili, simu zote zilikuwa zinaita vizuri kabisa.